Magadi: Mali ya Nani? Historia ya Mji wa Jangwani na Funzo Lake kwa Wananchi

(Hotuba iliyotolewa mbele ya waumini na wanaharakati waliokusanyika Kiminini, Trans Nzoia. Tunaichapisha kwa ukamilifu ili isomwe katika jumuiya ndogo ndogo za Kikristo na katika vikundi vya elimu ya uraia.)



Nimeombwa niseme maneno machache kuhusu utajiri wa ardhi na haki ya wananchi. Ningeweza kuanzia hapa petu, kwa maana katika Trans Nzoia na Bungoma hakuna asiyejua uchungu wa ardhi. Lakini mtu akizungumza juu ya jeraha lake mwenyewe, mara nyingi hasira humziba macho. Kwa hiyo naomba tufunge safari kwa fikira, twende mbali, kusini kabisa mwa Bonde la Ufa, katika mji mdogo wa jangwani uitwao Magadi. Tukiisha kuuelewa mji ule, tutarudi Kiminini tukiwa na macho mapya.

Nimechagua Magadi kwa sababu jina hilo limo katika kila jiko la nyumba zetu. Bibi zetu wa Bungoma walichoma mabua ya maharagwe, wakachuja majivu, wakapata musherekha wa kulainishia mboga. Baadaye magadi ya dukani yakaingia, na leo hakuna soko, tangu Kitale hadi Chwele, lisilouza magadi kwa vipimo vidogo vidogo. Tunayatia katika mrenda, katika kunde na katika maharagwe makavu. Hata Biblia inayataja: nabii Yeremia, katika sura ya pili, anawaambia watu wa Mungu kwamba hata wakijiosha kwa magadi, doa la uovu wao halitatoka. Lakini ni wangapi kati yetu tumewahi kuuliza: magadi haya yanatoka wapi? Nani anayachimba? Nani alimpa ruhusa? Na watu waliozaliwa kando ya ziwa lile wamepata nini?

ZIWA LILILO MFANO WA THELUJI

Ziwa Magadi liko katika Kaunti ya Kajiado, kilomita zipatazo 120 kutoka Nairobi, si mbali na mpaka wa Tanzania. Barabara huteremka kutoka milima ya Ngong, ikapita Olorgesailie, mahali ambapo Louis na Mary Leakey walichimbua mashoka ya mawe ya watu wa kale katika miaka ya 1940. Kadiri unavyoteremka ndivyo joto linavyozidi na ndivyo majani yanavyopungua. Ziwa lenyewe liko kwenye kimo cha mita 600 hivi tu juu ya usawa wa bahari. Mvua ni haba, na mara nyingi joto hupita nyuzi 35.

Anayeliona ziwa hilo kwa mara ya kwanza hudhani ameona theluji. Sehemu kubwa si maji, ni ganda jeupe, na penginepo jekundu kidogo, lililo gumu kiasi cha kumwezesha mtu kutembea juu yake. Kandokando zipo chemchemi za maji ya moto yenye chumvi; nyingine zina moto unaopita nyuzi 80. Maji hayo huingia ziwani, wala hakuna mto unaoyatoa. Jua huyakausha, na chumvi inayobaki hugandamana ikawa jiwe liitwalo trona. Katika maji hayo makali anaishi samaki mdogo wa jamii ya ngege, ambaye Mungu amemjalia uwezo wa kustahimili pale ambapo samaki wengine wangekufa mara moja. Na ndege aina ya heroe huja kwa maelfu.

La ajabu ni kwamba mali hii haifanani na dhahabu, ambayo ikichimbwa imekwisha. Chemchemi huendelea kuleta chumvi mpya. Katika miaka zaidi ya mia moja ya uchimbaji, ziwa halijakauka wala kwisha. Basi kama kuna mahali nchini Kenya ambapo wenyeji wangeweza kufaidi kizazi baada ya kizazi, mahali hapo ni Magadi. Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni alikuja Magadi. Tuangalie kama mwenyeji alipona.

MIKATABA MIWILI

Nchi ile ilikuwa, na ingali, nchi ya Wamaasai. Mwaka 1904 serikali ya Waingereza, chini ya Kamishna Donald Stewart, ilifanya mkataba na viongozi wa Wamaasai. Kwa mkataba huo Wamaasai waliondoka katika nyanda nzuri za Bonde la Ufa, pande za Naivasha na Nakuru, ili walowezi wapate kukaa karibu na reli. Wakapewa hifadhi mbili, moja Laikipia na nyingine kusini. Serikali iliahidi kwamba mpango huo ungedumu maadamu Wamaasai wangalipo duniani. Sikilizeni vizuri, ndugu zangu. Ahadi ya milele ilidumu kwa miaka saba.

Mwaka 1911, wakati wa Gavana Percy Girouard, mkataba wa pili ulitiwa sahihi. Safari hii Wamaasai wa Laikipia waliamriwa kuhamia kusini pamoja na mifugo yao. Kuhama huko kulileta mateso makubwa. Watu na wanyama walikufa njiani kwa baridi, njaa na magonjwa.

Hapa nataka tusimame kidogo, maana ndipo penye kiini cha hotuba yangu. Nani alitia sahihi? Waingereza walimtambua Olonana, ambaye vitabu vya Wazungu humwita Lenana, kuwa mkuu wa Wamaasai wote. Olonana alikuwa oloiboni, yaani mtu wa ibada na utabiri. Wamaasai hawakuwa na mfalme wala mkuu mmoja. Mambo yao yalijadiliwa na wazee wa marika na wa sehemu mbalimbali, kila sehemu ikiwa na sauti yake. Lakini mtawala aliyetaka ardhi hakuwa na subira ya kusikiliza sauti kumi. Alitaka mtu mmoja, kidole kimoja, karatasi moja. Olonana alifariki mwezi Machi mwaka 1911, na mwezi uliofuata mkataba wa pili ukatiwa sahihi na mwanawe, Seggi, aliyekuwa kijana, pamoja na wazee waliokuwa wakimsimamia.

Ninyi mnaojua mapambano ya nchi hii mnaelewa mara moja ninachosema. Mwaka 1982 Bunge letu lilitia katika Katiba kifungu cha 2A kilichosema kwamba Kenya itakuwa na chama kimoja tu. Kifungu hicho kilifutwa mwezi Desemba mwaka 1991, baada ya watu kutiwa kizuizini, kupigwa na wengine kuuawa. Kwa nini tulikikataa? Kwa sababu nchi yenye sauti moja ni rahisi kuuzwa. Anayetaka kuinunua hahitaji kuzungumza na wananchi. Anahitaji kujua mlango mmoja tu wa kubisha. Funzo hilo halikuanza mwaka 1982. Wamaasai walilipata mwaka 1904.

WALIOKWENDA MAHAKAMANI

Wasije wakatuambia kwamba Wamaasai walikubali kwa hiari. Yuko mzee mmoja ambaye jina lake linastahili kufundishwa katika shule zetu: Parsaloi ole Gilisho, kiongozi wa Wamaasai wa Laikipia. Yeye na wenzake walitafuta mawakili, wakaishitaki serikali ya kikoloni. Shauri lao, lijulikanalo kwa jina la Ole Njogo, liliamuliwa mwaka 1913. Mahakama ilisema kwamba Wamaasai hawakuwa raia wa Uingereza, bali taifa la kigeni lililo chini ya ulinzi, na kwamba mikataba ile ilikuwa makubaliano baina ya mataifa mawili. Kwa sababu hiyo mahakama ya kawaida haikuwa na uwezo wa kuichunguza. Walikata rufaa, nayo ikakataliwa mwaka huo huo.

Tazameni werevu wa dhuluma! Mmaasai alipoamriwa kuhama, alihesabiwa kuwa mtawaliwa anayepaswa kutii. Alipoomba haki, akaambiwa kwamba yeye ni taifa la kigeni. Alishindwa kabla ya ushahidi wake kusikilizwa.

Hata miongoni mwa watumishi wa serikali ile alikuwako mtu aliyesumbuliwa na dhamiri. Daktari Norman Leys, tabibu wa serikali, aliandika barua Uingereza kufichua namna Wamaasai walivyotendewa. Malipo yake yalikuwa kuhamishwa kutoka Kenya. Baadaye, mwaka 1924, alichapisha kitabu kiitwacho Kenya, ambacho kiliwatia aibu wakubwa wengi. Nasema hili ili tusiwe watu wa kuchukia rangi. Kila zama Mungu hujiwekea mashahidi, hata ndani ya nyumba ya Farao.

KAMPUNI, RELI NA MJI

Sasa tazameni tarehe. Mwaka ule ule wa 1911, ambao Wamaasai walikuwa wakisukumwa kutoka Laikipia kwenda kusini, huko huko kusini lilikuwa likikatwa pande jingine. Magadi Soda Company iliundwa mwaka huo kwa fedha za wafanyabiashara wa London, na serikali ikaipangisha ziwa na nchi inayolizunguka.

Lakini chumvi iliyo jangwani haina faida mpaka ifike bandarini. Kwa hiyo ilijengwa reli ya kilomita 146 hivi kutoka Konza, katika njia kuu ya Mombasa, mpaka Magadi. Reli hiyo ilianza kutumika mwaka 1915. Angalieni jinsi ilivyopita: inatoka ziwani, inapanda bonde, inakutana na njia ya Mombasa, inaishia baharini. Haikujengwa ili kumpeleka Mmaasai sokoni wala mtoto wake shuleni. Ilijengwa ili kutoa kitu nchini. Sisi wa Kitale tunaijua hesabu hiyo, kwa kuwa reli yetu iliyofika mwaka 1926 ilifuata mahindi ya walowezi.

Kampuni ya kwanza haikufanikiwa. Vita Kuu ya 1914 hadi 1918 ilivuruga biashara, mashine zilikuwa ghali, na mwaka 1924 mali yote ikaingia mikononi mwa Brunner Mond, kampuni kubwa ya kemikali ya Uingereza. Mwaka 1926 Brunner Mond nayo iliungana na nyingine kuunda ICI. Hivyo ziwa la Wamaasai likawa tawi dogo la shirika mojawapo kubwa kabisa duniani.

Kazi yenyewe si ngumu kueleza. Chombo kama meli hukata trona ziwani. Huvunjwavunjwa, huoshwa, kisha hupikwa katika tanuri mpaka maji na hewa ya ukaa vitoke. Kinachobaki ni unga mweupe wa magadi. Unga huo hupelekwa Mombasa na kusafirishwa nchi za nje, hasa za Asia, kutengenezea kioo, sabuni na vitu vingine. Kiwanda kina uwezo wa kutoa tani zipatazo 300,000 kwa mwaka. Chupa inayouzwa kwetu na kioo cha dirisha la kanisa vyote vinahitaji magadi.

MWENYE MJI NI NANI?

Kando ya kiwanda ulikua mji, na ni mji wa namna ya pekee. Katika miji mingine mtu hununua kiwanja, akajenga duka, akamrithisha mwanawe. Magadi nyumba zilijengwa na kampuni. Maji ya kunywa yaliletwa na kampuni kwa mabomba kutoka miinuko ya mbali, kwa maana maji ya pale hayanyweki. Umeme ulikuwa wa kampuni, hospitali ya kampuni, reli ya kampuni. Kama ilivyokuwa desturi katika miji ya kikoloni, Mzungu, Mhindi na Mwafrika hawakukaa mtaa mmoja. Hata rangi ilipoacha kuwa sheria, cheo kilibaki, na ukubwa wa nyumba ulitegemea daraja la kazi.

Wafanyakazi walitoka pande nyingi za nchi, na Magharibi haikukosekana. Walifanya kazi katika joto na vumbi la chumvi, wakawasomesha watoto wao kwa mishahara ile. Siwadharau hata kidogo. Wala sisemi kwamba kampuni haikufanya jema. Hospitali ya Magadi imewatibu watu ambao wangetembea siku nzima kutafuta daktari, na mabomba yake yamewanywesha watu na mifugo katika miaka ya ukame. Tukikana hayo tutakuwa wazushi, na harakati ya haki haiwezi kujengwa juu ya uzushi.

Lakini tutofautishe hisani na haki. Hisani hutoka katika mkono wa mwenye nacho, na mkono huo unaweza kufungwa. Haki imeandikwa, nayo huweza kudaiwa. Mtu anayekunywa maji ya kampuni, akalala katika nyumba ya kampuni, akatibiwa kwa kadi ya kampuni, siku akiachishwa kazi hupoteza mshahara, nyumba na majirani kwa mara moja. Mtu wa namna hiyo atathubutuje kusimama mkutanoni kusema kwamba mkataba haufai? Ndugu zangu, uhuru wa kusema hauna maana kubwa pale ambapo mtu mmoja ndiye mwenye ufunguo wa bomba.

Na mfugaji aliye nje ya uzio? Ekari zipatazo 225,000 zimo katika upangaji wa kampuni. Kuzizunguka wako watu wa Shompole, Olkiramatian, Oldonyo Nyokie na Olkeri, ambao kwa miaka mingi walimiliki nchi yao kama ranchi za jumuiya. Wao ndio wanaolitazama ziwa asubuhi na jioni. Wengi wao hawakupata kazi kiwandani, kwa sababu kazi inahitaji masomo na shule zilichelewa kufika.

MIAKA MIA MOJA, MAJINA MENGI

Uhuru ulikuja mwaka 1963. Bendera ilibadilika Nairobi, lakini karatasi ya Magadi haikubadilika. Mwaka 1991 ICI ilijitenga na biashara hiyo, na jina la Brunner Mond likarudi. Kati ya mwaka 2005 na 2006 Brunner Mond ikanunuliwa na Tata Chemicals ya India, na leo kampuni huitwa Tata Chemicals Magadi. Uingereza iliuza, India ikanunua. Katika kila uuzaji watu wa ziwani walisikia habari baada ya mambo kwisha.

Mwaka 2004 ndio ulionishangaza zaidi nilipoyachunguza mambo haya. Mwaka huo ulitimia muda wa miaka mia moja tangu mkataba wa kwanza. Wamaasai waliandamana wakidai ardhi yao, na serikali ikakataa madai yao. Na mwaka huo huo upangaji wa Magadi ulirefushwa kwa miaka mingine 50. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule atakuwa mzee kabla ya suala hilo kufunguliwa tena. Hatuzungumzii tena Donald Stewart na Percy Girouard. Hao walikuwa wamekwisha kufa zamani. Hii ilikuwa serikali yetu wenyewe, tuliyoichagua kwa kura za vyama vingi mwaka 2002, tukaimba na kushangilia. Kwa hiyo, wanaharakati wenzangu, tusidanganyane. Kura ni mlango; anayeingia mlangoni akalala sebuleni hajafika.

Kampuni nayo ilipata mawimbi yake. Ilijenga kiwanda kipya cha kutoa magadi safi zaidi, lakini gharama zikakilemea na mwaka 2014 kikafungwa, na wafanyakazi wengi wakapoteza kazi. Baada ya ugatuzi, Serikali ya Kaunti ya Kajiado iliidai kampuni kodi ya ardhi ya mabilioni ya shilingi, na ugomvi huo ukafika mahakamani. Sitaingia katika hukumu ya shauri hilo. Nataka mwone jambo moja tu: angalau safari hii aliyepeleka dai ana kiti, ana muhuri na ana wakili, wala hakuambiwa kwamba yeye ni taifa la kigeni. Hilo ni tunda la mageuzi.

KATIBA ILIVYOSEMA

Katiba tuliyoizindua tarehe 27 Agosti 2010 ilijifunza kutokana na machozi hayo. Kifungu cha 63 kinaitambua ardhi ya jamii. Kifungu cha 69 kinaitaka serikali ihakikishe kwamba faida za mali ya asili zinagawanywa kwa usawa. Kifungu cha 71 kinasema kwamba mikataba ya kutumia mali ya asili ya nchi lazima iidhinishwe na Bunge. Kisha Sheria ya Madini ya mwaka 2016 ikaweka mgawanyo wa mrabaha: asilimia 70 kwa serikali kuu, asilimia 20 kwa kaunti, na asilimia 10 kwa jamii ya mahali madini yanapochimbwa. Sheria ya Ardhi ya Jamii ilipitishwa mwaka huo huo.

Hesabu hizo zikaririwe na kila kijana aliyeko hapa. Mwenzetu asiyejua fungu lake atapewa mkono wa kusalimiwa, naye atashukuru.

FUNZO KWETU SISI

Mtaniuliza: Magadi ni mbali, yatuhusu nini? Nawajibu kwamba barabara ya jangwani hupita mlangoni petu. Mwezi Machi mwaka 2012 ilitangazwa kwamba mafuta yamepatikana Turkana, katika kisima kiitwacho Ngamia 1. Mwezi Juni mwaka 2018 malori yalianza kubeba mafuta ghafi kutoka Lokichar, yakapanda hadi Kitale, yakaelekea Mombasa. Katika mwezi huo huo wananchi wa Turkana waliifunga barabara, wakidai usalama, kazi na fungu lao. Shehena ya kwanza iliuzwa nchi za nje mwezi Agosti mwaka 2019. Sheria ya Mafuta ya mwaka 2019 imeweka asilimia 75 kwa serikali kuu, 20 kwa kaunti na 5 kwa jamii. Njia ya malori yale ni njia ya treni ya Magadi: kutoka jangwani kwenda baharini.

Karibu zaidi, katika Bonde la Kerio, kuna Kimwarer. Huko madini ya floraspa yalichimbwa tangu miaka ya 1970. Kazi ikasimama mwaka 2009, ikaanza tena, kisha ikasimama mwaka 2016, na mji ulioitegemea kampuni ukabaki kama shuka lililosahauliwa kwenye kamba. Familia zilizohamishwa zimedai fidia kwa miaka mingi. Na huko Pokot Magharibi watu huchekecha mchanga wa mito wakitafuta dhahabu. Wako vijana wa kwetu wanaokwenda huko kutafuta riziki. Je, wanakwenda kama ndugu au kama walowezi wapya? Mkristo hawezi kudai haki Kiminini akaikanyaga Chepareria.

Na hapa nyumbani, ni wazee wangapi walilipa hisa katika kampuni za kununua mashamba, wakafa bila hati? Trans Nzoia ilinyang'anywa wenyeji ikawa mashamba ya Wazungu, na Wazungu walipoondoka karatasi zikawa katika mikono ya wachache. Tofauti yetu na mtu wa Magadi ni kwamba yeye aliambiwa kuna mkataba usiomhusu, nasi tuliambiwa kuna hati ambayo bado haijawa tayari.

Mnakumbuka habari ya Nabothi katika kitabu cha kwanza cha Wafalme, sura ya 21. Mfalme Ahabu alilitaka shamba lake la mizabibu. Nabothi alikataa kwa kuwa lilikuwa urithi wa baba zake. Malkia Yezebeli hakutuma majambazi usiku. Aliandika barua, akazitia muhuri, akaita mkutano, akaleta mashahidi. Kila kitu kilifanywa kwa utaratibu, na Nabothi akafa. Kanisa lisiogope kusema kwamba muhuri hauufanyi wizi kuwa halali. Kazi ya nabii Eliya ilikuwa kwenda shambani kuuliza swali.

MASWALI MATANO

Basi nawaachia maswali matano, yaulizwe katika kila mkutano ambapo mtu atakuja kusema juu ya madini, mafuta, mawe ya saruji au shamba la serikali:

1. Nani atatia sahihi, na ni akina nani waliomtuma? Wanawake na vijana walikuwapo alipotumwa?

2. Mkataba umeandikwa kwa lugha gani? Je, umesomwa wazi mbele ya watu, kwa lugha wanayoielewa, kabla ya kutiwa sahihi?

3. Utadumu kwa miaka mingapi, na kampuni ikiuzwa kwa mwingine, wananchi wataulizwa?

4. Fungu la jamii litalipwa wapi, na ni nani atakayetoa hesabu yake hadharani kila mwaka?

5. Siku kampuni ikiondoka, maji, nyumba, shule na hospitali vitakuwa vya nani, na mashimo yatafukiwa na nani?

Kama Wamaasai wangejibiwa maswali haya mwaka 1911, historia ya Magadi ingekuwa nyingine. Wao waliuliza, lakini hapakuwa na mahali pa kujibiwa. Sisi tunayo mahali: tunalo Bunge, tunazo mabaraza ya kaunti, tunazo mahakama, tunayo makanisa, na tunazo kura zetu. Penye mlango ulio wazi, anayekaa nje asimlaumu mwenye nyumba peke yake.

Napendekeza, kwa idhini ya Mwenyekiti, kwamba kila parokia na kila usharika uliowakilishwa hapa uchague watu watatu, na mmoja wao awe mama, waisome Katiba kifungu cha 60 hadi cha 72 pamoja na waumini, kidogo kidogo, baada ya ibada. Si kazi ya mwezi mmoja. Lakini wahenga walisema: usipoziba ufa utajenga ukuta. Karatasi ya Magadi ilikuwa ufa mdogo mwaka 1904, na leo wajukuu wanajenga ukuta.

Mama atakapotia magadi katika chungu jioni ya leo, awaeleze watoto yalikotoka, nao wamtaje ole Gilisho aliyekwenda mahakamani.

Mungu aibariki Kenya, na awape nguvu wote wanaodai haki bila chuki.